Kuchonga, Kufua au Kuunda? Kiswahili mbele ya Sanaa ya Chuma Mahali pa Umma

1.0 Utangulizi

Dongobesh ni mji mdogo wa wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara, ulioko katika barabara itokayo Mbulu mjini kuelekea Haydom. Msafiri apitaye hapo huona kando ya barabara karakana za mafundi wa chuma: mageti yaliyoegemezwa mitini, fremu za madirisha, vitanda na mikokoteni ya kukokotwa na punda au ng'ombe. Katika karakana mojawapo mwandishi wa makala haya alimkuta fundi kijana akimalizia twiga wa nondo na bati, mwenye kimo cha kumpita mtu, ambaye mteja alikusudia kumsimamisha nje ya nyumba yake ya wageni. Nikamwuliza kama amemchonga mwenyewe. Akacheka kwa adabu, akasema: "Hapana, mwalimu, huyu hajachongwa. Nimemuunda."

Nimefundisha isimu ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuwa nimewahi kusahihishwa kwa usahihi kiasi hicho. Neno nililolitumia mimi ndilo litumiwalo na magazeti, vitabu vya shule na tasnifu zetu. Kila atengenezaye sanamu tunamwita mchongaji, na kila atendalo tunaliita kuchonga, hata pale ambapo hapana kitu chochote kilichochongwa. Neno la fundi yule lilieleza kazi iliyofanyika. Langu lilieleza kazi nyingine kabisa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kuzungumzia sanaa ya chuma inayosimamishwa mahali pa umma, na kwamba msamiati huo umo zaidi katika karakana kuliko katika maandishi yetu. Aidha, tutaonyesha kwamba uchaguzi wa neno, na hata uchaguzi wa kiambishi cha upatanisho, si jambo la mapambo: ndio unaoamua iwapo kitu kilichosimama njia panda kitaonekana kuwa kazi ya msanii au kuwa chuma tu. Mifano imetoka Dongobesh, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na pale inapobidi, Ulaya na Marekani.

2.0 Vitenzi vinne na kimoja kilichozidi

Tuanze na vitenzi, maana huko ndiko Kiswahili kilikoficha utajiri wake. Mtu atakaye kupata umbo kutoka katika maada anaweza kufuata njia kadhaa, na lugha imeipa kila njia kitenzi chake.

Kuchonga ni kuondoa. Mchongaji huanza na gogo au jiwe, akapunguza hadi umbo alitakalo libaki. Kiini hiki cha maana hakibadiliki hata kitenzi kinapotoka katika mti na kuingia katika vitu vingine. Tunachonga penseli. Katingatinga linachonga barabara. Katika miji yetu fundi wa funguo huchonga funguo, na fundi wa mashine huchonga kipuri kutoka katika kipande cha chuma. Mifano hii miwili ya mwisho ni muhimu sana kwa hoja yetu, kwa sababu inakanusha dai kwamba kuchonga ni neno la mti peke yake. Chuma nacho huchongwa, lakini huchongwa pale tu kinapopunguzwa. Msemaji wa kawaida, asiyewahi kuingia darasa la semantiki, hulinda mpaka huo bila kuambiwa na mtu.

Kufinyanga ni kulibonyeza na kulikanda umbo kutokana na kitu laini, yaani udongo. Kusubu ni kumimina madini yaliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Kufua ni kupiga kwa nyundo chuma kilichopashwa moto, na hapa ndipo penye familia nzima ya maneno ya kale: mhunzi, fuawe, mivukuto, koleo. Kitenzi chenyewe kina ukoo mpana, kwani tunafua nguo na tunafua nazi pia. Katika matumizi yote hayo jambo linaloendelea ni nguvu ya mikono inayokilazimisha kitu kubadili hali.

Mchukue sasa yule askari wa Dar es Salaam, aliyesimama katika kipilefti cha katikati ya jiji tangu mwaka 1927, bunduki mkononi na singe ikielekea bandarini. Ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson. Ni ya shaba nyeusi, na ilisubiwa London. Mara nyingi nimesoma katika insha za wanafunzi kwamba askari huyo "alichongwa". Sivyo. Msanii alifinyanga kielelezo, kielelezo kikazaa kalibu, na kalibu ikapokea shaba iliyoyeyuka. Vitenzi viwili vimehusika hapo, kufinyanga na kusubu, na wala kuchonga hakumo.

Twiga wa Dongobesh hakuchongwa, hakufinyangwa, hakusubiwa, na kwa sehemu kubwa hakufuliwa. Nondo zilikatwa, zikapindwa, zikashikamanishwa kwa moto wa umeme. Kitenzi cha kazi hiyo ya mwisho, katika kinywa cha mafundi, ni kuchomelea. Kamusi zetu zimependelea kulehemu, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo kwa masonara na mafundi wa mabati ni kuunga kwa risasi au kalai. Mafundi wa mageti hawalitumii, na nadhani wana haki.

Muundo wa kimofolojia wa chomelea unastahili kutazamwa kwa makini. Mzizi ni chom-, na juu yake pamejengwa kauli ya kutendea mara mbili: choma, chomea, chomelea. Uradidi huo wa kauli ya kutendea tunauona pia katika piga, pigia, pigilia, na katika enda, endea, endelea. Kwa kawaida huongeza wazo la kushikilia jambo mpaka litimie. Apigiliaye hapigi tu, bali hupiga mpaka kitu kikae pale kilipokusudiwa kukaa. Kadhalika achomeleaye hachomi tu, bali huchoma ili kitu kikwame katika kitu. Zaidi ya hapo, choma kina maana mbili, kudunga na kuunguza, na kamusi za zamani zimelirekodi chomelea kwa kazi ya waezekaji wa nyumba: kuondoa makuti yaliyooza na kupachika mapya mahali pake. Kwa hiyo neno halikubuniwa siku mashine ya umeme ilipofika. Lilikuwapo juu ya paa, likiwa na maana ya kutia kipande kipya katika kitu kilichopo, kisha likashuka karakanani, na ile maana ya pili ya mzizi, maana ya moto, ikalipa nguvu mpya. Sijui istilahi yoyote iliyoundwa na kamati iliyofanikiwa kiasi hicho.

3.0 Kuunda

Hata hivyo, fundi hakusema "nimemchomelea". Kuchomelea ni hatua mojawapo ya kazi. Kwa kazi nzima alitumia kuunda, na neno hilo limetoka mbali na Mbulu.

Kuunda, kwa asili, ni kazi ya pwani. Huundwa jahazi, huundwa dau, huundwa chombo. Muundaji wa chombo hana gogo moja analolipunguza (huyo ni mchongaji wa mtumbwi, na Waswahili hawakuwachanganya wawili hao). Ana mbao nyingi zisizo na umbo la chombo, na umbo hutokea pale anapoziunga. Katika mtepe wa visiwa vya Lamu mbao hizo zilishonwa kwa kamba, bila msumari. Hivyo, tangu hapo kale, lugha ilitofautisha kati ya chombo kinachopatikana kwa kuondoa na chombo kinachopatikana kwa kuunganisha. Tofauti hiyohiyo ndiyo inayotenganisha kinyago cha mpingo cha Mmakonde na tembo wa mabati na vyuma chakavu wa Kioko Mwitiki, msanii wa Nairobi, ambaye wanyama wake wenye ukubwa wa mnyama halisi, waliounganishwa kwa mapipa na vipuri vilivyotupwa, wamefika hadi Marekani. Kinyago kilikuwamo ndani ya gogo kabla ya kuchongwa. Tembo yule hakuwamo ndani ya kitu chochote, maana alitawanyika katika majalala na gereji za jiji zima.

Wenzangu wa idara ya fasihi wataniwia radhi nikisema kwamba nao wamekaa karakanani miaka mingi bila kujua. Neno muundo, wanalolitumia kila siku wanapohakiki fani ya riwaya, limetokana na kitenzi hiki. Anayesema "muundo wa tamthilia" anazungumza, apende asipende, kama fundi wa jahazi.

Yuko atakayepinga hapa, na hoja yake si dhaifu. Atasema kwamba lugha zote hupanua maana. Neno la Kilatini lililozaa istilahi ya Ulaya kwa sanaa hii nalo lilimaanisha kuchonga, na bado Wazungu hulitumia kwa aundaye kwa chuma. Kwa nini basi tukinyime Kiswahili ruhusa waliyojipa wengine? Nakubali nusu ya hoja hii. Nomino ya mtendaji huweza kupanuka bila madhara makubwa, nami sitamkosoa mwandishi wa gazeti kwa kumwita Mwitiki "mchongaji wa chuma", japo "msanii wa chuma" ingalitosha. Nusu nisiyoikubali ni ile ya kitenzi kinachosimulia tendo. Mhakiki aandikapo kwamba msanii "alichonga tembo kwa vyuma chakavu", amemnyima msomaji jambo ambalo ndilo kiini cha kazi yenyewe: kwamba kila kipande kilikuwa kitu kingine kabla, na kwamba jicho la mtazamaji linatakiwa kukiona kipuri na sikio la tembo kwa wakati mmoja. Kuchonga hufuta historia ya maada. Kuunda huihifadhi.

4.0 Mhunzi, mchongaji na fundi

Kwa nini basi kuchonga kukatawala? Sababu mojawapo ni ya soko. Sanaa ya sanamu iliyojulikana sana kutoka Tanzania katika karne ya 20 ilikuwa ya Wamakonde, na mpingo huchongwa. Mnunuzi, mwalimu na mwandishi wa habari walilikuta neno liko tayari.

Sababu nyingine ni ya kijamii, nayo inatuhusu sisi wa Mbulu na Hanang kwa karibu. Miongoni mwa Wadatoga liko kundi la wahunzi, Gidang'odiga, ambao kwa desturi wameoana wenyewe kwa wenyewe na kutengwa na wengine katika ndoa. Wamasai nao wana Il-kunono, ambao hali yao imekuwa kama hiyo. Majirani wa wahunzi hao walihitaji jembe, mkuki na bangili zao, huku wakiwaepuka wao wenyewe. Kazi ya chuma katika nyanda hizi iliogopwa na kudharauliwa kwa pamoja, na mtu anayeogopwa na kudharauliwa hapewi kwa urahisi cheo cha msanii.

Haikuwa hivyo kila mahali. Katika hazina ya watawala wa Karagwe, ambayo Stanley aliiona mwaka 1876 enzi ya Rumanyika, mlikuwamo ng'ombe wadogo wenye pembe ndefu, waliofuliwa kwa chuma. Huko uhunzi ulikuwa jambo la ikulu. Na kwa habari ya chuma chenyewe, Schmidt na Avery walionyesha mwaka 1978 kwamba wayeyushaji wa Buhaya walipata chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, kwa tanuri zilizopashia hewa moto kabla ya kufika ndani, karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Ninayataja haya kwa sababu nimewahi kumsikia mwenzetu mmoja akisema kongamanoni kwamba sanamu ya chuma ni "jambo la kigeni" na kwa hiyo halina lugha. Pua na feleji ni maneno ya zamani katika Kiswahili. Upanga wa feleji ulisifiwa kabla ya kuwapo chuo kikuu cha kuujadili.

Kinachovutia ni kwamba hata huko Ulaya, sanaa ya chuma cha kuunganishwa haikutoka kwa wachongaji. Julio González, Mhispania aliyemsaidia Picasso kuunda sanamu za chuma tangu mwaka 1928, alitoka katika familia ya mafundi wa madini, na kuchomelea kwa gesi alijifunza mwaka 1918 katika kiwanda cha magari cha Renault. David Smith wa Marekani alifanya kazi katika kiwanda cha Studebaker mwaka 1925 kabla hajawa msanii mashuhuri. Njia iendayo kutoka kiwandani hadi uwanja wa sanaa ni ileile iliyopitwa na mafundi wa jua kali wa Nairobi. Tofauti ni kwamba González na Smith walipovuka, wahakiki wao walivuka pamoja nao na kujifunza maneno ya kiwandani. Wetu bado wako ng'ambo.

Katika jambo hili Tanzania imefanya vizuri bila kujisifu. Tangu Baraza la Sanaa la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1984, sanaa za aina hii zimeitwa sanaa za ufundi. Istilahi hiyo imelaumiwa kwamba inamshusha msanii hadi kwa fundi. Mimi naiona kinyume. Sanaa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kazi ya mikono yenye ustadi, na kuyaweka maneno hayo mawili pamoja ni kuyarudisha nyumbani.

5.0 Yule, lile, kile

Sasa turudi kwa kauli ya fundi: "huyu hajachongwa". Mbali na kitenzi, upo upatanisho. Twiga wa nondo amepatanishwa kama kiumbe chenye uhai. Hakusema "hiki hakijachongwa" wala "hii haijachongwa". Ingewezekana kudhani kwamba hilo ni kosa la msemaji ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiiraqw, lugha ya Kikushi yenye jinsia tatu za nomino na isiyo na ngeli za Kibantu. Dhana hiyo haisimami. Mjini Dar es Salaam husikia "askari yule wa Posta amesimama", na Nairobi husikia "ndovu wa chuma amewekwa nje". Kanuni inayofanya kazi hapa ni ya Kiswahili chote: jina la kiumbe hubeba upatanisho wake hata kiumbe kinapokuwa cha chuma, maadamu msemaji amekubali kwamba umbo limefanikiwa.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Msemaji ana hiari. Kuhusu kitu kilekile anaweza kusema "twiga yule", na hapo amekubali umbo. Anaweza kusema "sanamu ile", na hapo amekiri kwamba ni mfano. Anaweza kusema "sanamu lile", kwa kuihamisha nomino kutoka ngeli ya I-/ZI- kwenda LI-/YA-, na hapo ameongeza ukubwa, na mara nyingine kejeli. Na anaweza kusema "chuma kile", na hapo ameliondoa umbo kabisa, ikabaki maada. Sanamu, tusisahau, ni neno lililotoka katika neno la Kiarabu la kinyago kinachoabudiwa. Katika jamii za pwani halikuwa neno la sifa, na fundi wa milango ya Zanzibar na Lamu aliyetia nakshi na njumu asingependa kazi yake iitwe hivyo. Kivuli hicho cha zamani hakijaondoka chote.

Mombasa inatupa mfano mzuri zaidi. Katika Barabara ya Moi zimesimama pembe kubwa nne za aluminiamu, zikikatana juu ya barabara. Chanzo chake ni ziara za kifalme za Waingereza, ya Elizabeth mwaka 1952 na ya Margaret mwaka 1956. Jina la vitabuni ni Pembe za Ndovu. Jina la mtaani ni Mapembe, na mahali penyewe ni Mapembeni. Tazama yaliyofanyika katika hatua hizo mbili. Pembe, ambayo wingi wake wa kawaida ni pembe, imepewa ma- ya ukuzi, kwa sababu pembe ya kuvukwa chini yake na basi si pembe ya kawaida. Ndovu ameachwa, kwa kuwa hakuna aliyemhitaji. Kisha kiambishi -ni kimekigeuza kitu kuwa mahali. Binti wa mfalme hamo katika neno hilo. Wakazi wa Mombasa waliunyang'anya ukumbusho wa kikoloni bila kuubomoa, kwa viambishi viwili tu. Sijaona uchambuzi wa kisiasa wa sanamu za kikoloni unaolitaja jambo hili, na nadhani ni kwa sababu wachambuzi husoma vibao na hawasikilizi makondakta.

Linganisha na yaliyompata Wissmann. Sanamu ya Mjerumani huyo ilisimama mahali pale pale Dar es Salaam kabla ya Askari. Waingereza waliiondoa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Nimeandika "wakaiangusha". Mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili aliandika "wakamwangusha". Tulibishana nusu saa. Mwishowe nilikubali kwamba viambishi vyote viwili ni sahihi kisarufi, na kwamba cha kwake kinaeleza walichotaka wanafunzi wa Hamburg kuliko changu.

6.0 Chuma kisichofanana na kitu

Ugumu huanza pale sanamu isipofanana na kiumbe. Mwaka 1967 jiji la Chicago lilizindua kazi ya Picasso ya chuma cha pua, yenye kimo cha takriban mita 15, isiyo na jina. Wakazi walibishana: ni mwanamke, ni ndege, ni mbwa? Katika Kiingereza ubishi huo unaweza kuendelea milele bila kuathiri sarufi. Katika Kiswahili hauwezi. Msemaji hawezi hata kusema kwamba imesimama, amesimama au kimesimama bila kupiga kura. Niliwahi kuwaonyesha jamaa zangu wa Dongobesh picha ya kazi hiyo, tukiwa tumekaa nje jioni. Sidai kwamba huo ni utafiti. Mzee mmoja alisema "huyu ana pua ndefu", mama mmoja akasema "hii ni nini?", na yule fundi wa twiga, ambaye alikuwa amealikwa, akasema "hiki kimeundwa vizuri, angalia viungo". Alitumia neno viungo kwa maungio ya chuma, ambalo pia ni neno la sehemu za mwili, na sikuweza kujua kama amekusudia yote mawili.

Hiki cha fundi ndicho kinachonivutia. Si chuma kile, wala si kiumbe. Ni kitu kilichotengenezwa, kama chombo, kama kiti, kama kinyago. Ngeli ya KI-/VI- inampa mtazamaji nafasi ya kuiheshimu kazi bila kulazimika kuikisia. Naona hapa mlango ambao uhakiki wetu wa sanaa isiyo ya kiumbe ungeweza kuingilia, nao unafunguliwa na sarufi iliyopo, bila kukopa nadharia.

Kinyume chake ni hatari iliyo wazi. Mwaka 1981 Richard Serra alisimamisha katika uwanja wa ofisi za serikali New York kazi aliyoiita Tilted Arc, bamba lililopinda la chuma lenye urefu wa zaidi ya mita 36 na kimo cha zaidi ya mita 3 na nusu. Wafanyakazi wa ofisi hizo walilalamika. Wengi wao waliliona kuwa ukuta wenye kutu unaowazuia kupita. Baada ya baraza la wazi la mwaka 1985 na kesi zilizofuata, mwaka 1989 kazi hiyo ilikatwa vipande vitatu na kuondolewa. Siwatetei wala kuwashutumu wafanyakazi wale, kwa kuwa uwanja ulikuwa wao na walivuka hapo kila siku. Nasema tu kwamba ilipokwisha kuitwa ukuta wenye kutu, hukumu ilikuwa imekaribia sana.

Kutu yenyewe inahitaji maneno machache. Chuma cha Serra, kama cha Picasso wa Chicago na kama cha malaika wa Antony Gormley aliyesimamishwa Gateshead, Uingereza, mwaka 1998 akiwa na mabawa ya mita 54, ni cha aina inayotengeneza kutu ya juu inayokilinda chuma cha ndani kisiendelee kuharibika. Kiswahili hakina njia rahisi ya kulisema hilo. Kutu kwetu huota kama ugonjwa wa ngozi, hushika, na hula. Chuma huliwa na kutu. Chuma kisichopakwa rangi ni chuma kilichotelekezwa, na fundi wa Dongobesh hupaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya kitu kingine chochote. Nilipomweleza kwamba kuna chuma ambacho kutu yake ndiyo rangi yake, alifikiri kidogo, akasema: "Basi kimevaa kutu." Kuvaa, si kuliwa. Badiliko la kitenzi kimoja lilitosha kueleza kile ambacho ningehitaji aya nzima, nami nimeanza kukitumia darasani.

Jambo hili si la darasani tu. Biashara ya vyuma chakavu imeenea nchini, na alama za barabarani zimeng'olewa na kuuzwa kwa kilo. Mbulu na Hanang ni nchi ya matrekta na majembe ya kukokotwa tangu mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yalipoanzishwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, na chuma cha zana hizo kimekuwa kikizunguka: kengele ya shule ni rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na mkokoteni una ekseli ya gari lililokufa. Katika mazingira kama hayo, kitu chochote cha chuma kilichosimama mahali pa wazi kipo baina ya majina mawili. Rimu iliyotundikwa haiibwi kwa sababu inaitwa kengele.

Nilirudi karakanani siku mbili baadaye. Twiga alikuwa amekwisha kuondoka, na mahali pake pameegemezwa geti lenye maua ya nondo. Nikamwuliza fundi juu ya bei. Geti, alisema, hupimwa kwa futi, na kila mteja anajua hesabu hiyo. Na twiga je, alipimwa vipi? "Yule hatukumpima, mwalimu," akasema. "Yule tulielewana."